Mzee wa Same, mwache binti akasomee maua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Same, ambaye barua yake mliichapa majuzi. Mzee huyo alilalamika kwamba bintiye, mwenye shahada ya kwanza ya botania, amepata nafasi ya kusoma uzamili katika uzazi wa mimea, na yeye kama baba haoni faida yake. “Atakula maua?” aliuliza. Nilicheka sana, kisha nikaona si jambo la kuliacha lipite, kwa sababu mimi maua yamenilisha, yamenijengea nyumba na yamenisomeshea watoto.

Mimi ni mchavushaji wa migomba. Nina stashahada ya kilimo, cheo changu kwenye makaratasi ni fundi sanifu, na asubuhi nyingi utanikuta huku Arumeru nina ngazi begani. Mchare, ndizi ile ya mtori na machalari, hurefuka kiasi kwamba ua lake hulifikii ukiwa umesimama chini. Mkungu ukichungulia tu tunauvalisha mfuko ili nyuki na chozi wasituwahi. Kisha, siku hadi siku, jani la zambarau linainuka na kufunua chana ya ndizi changa. Kila ndizi ina ua lake kwenye ncha, na katikati ya ua kuna kichwa kinachonata, ndiyo stigma. Alfajiri ileile tunakuwa tumeshachuma maua dume ya mgomba mwingine, ule tuliouchagua awe baba. Tunasugua chavua yake, ule unga wa ua dume, pale panaponata, ua kwa ua, tunarudisha mfuko, tunafunga lebo: mama nani, baba nani, tarehe. Kesho chana inayofuata. Jua likishakuwa kali tunateremka.

Baada ya miezi mitatu au minne mkungu unakatwa, unaivishwa, na hapo ndipo inapoanza kazi ya uchafu. Unakaa na beseni, unamenya ndizi mbivu na kuziponda kwa vidole moja baada ya nyingine ukitafuta mbegu. Mbegu ya mgomba ni nyeusi, ngumu, ukubwa wake unakaribia punje ya pilipili manga. Mara nyingi unaponda mkungu mzima, mikono imejaa uji hadi viwiko, na hupati hata moja. Ukipata, unaitia majini. Iliyozama ina matumaini, iliyoelea huenda ni ganda tupu. Na hiyo iliyozama ukiifukia udongoni usitegemee sana kwamba itaota. Inapelekwa maabara, inapasuliwa chini ya hadubini, kiinitete, yaani ule mche mchanga uliojificha ndani ya mbegu, kinatolewa na kuoteshwa ndani ya chupa.

Mzee wangu atauliza: taabu yote hiyo ya nini, wakati ndizi inapandwa kwa chipukizi tangu enzi za babu?

Hapo ndipo penyewe. Chipukizi ni mama yuleyule aliyehamia shimo jingine. Ugonjwa ukimuweza mama umewaweza wote, shamba zima, kata nzima. Mchare hauwezi mnyauko wa Panama. Majani yanaanza kuwa ya njano kutoka chini, yanaanguka na kuning'inia kwenye shina, na ukilikata shina unakuta michirizi ya rangi ya kutu ndani. Dawa ya kupulizia hakuna, na kuvu wake anakaa udongoni miaka mingi. Njia inayobaki ni kupata mchare mpya uliorithi ukinzani kutoka kwa mzazi mwingine, na urithi haupatikani bila mbegu, wala mbegu haipatikani bila ua kukubali chavua.

Na ua la mgomba halikubali kirahisi. Wakulima wa kale walichagua migomba isiyo na mbegu, kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka, mpaka tunda likawa linanenepa bila kungoja chavua. Isitoshe, matoke ya Bukoba na ndizi nyingi za sokoni zina seti tatu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, jumla 33. Zinapotakiwa kugawana jozi kwa jozi ili zitengeneze chavua au yai, seti ya tatu inakosa mwenzi, na mambo yanavurugika. Mchare una seti mbili tu, kromosomu 22, kwa hiyo ungetarajia uzae bila shida. Hauzai vizuri hata hivyo. Kwa nini? Hilo ni swali la tasnifu, mzee wangu, na wapo watu wanaolipwa kulitafutia jibu.

Nitakupa mengine ninayoyaona nikiwa juu ya ngazi. Mbegu hazigawanyiki sawa ndani ya mkungu, kuna chana zinazotoa na nyingine zinazogoma, ingawa zote nimezisugua mimi mwenyewe kwa chavua ileile. Chavua inaota vizuri saa ngapi, na stigma inakuwa tayari kwa saa ngapi? Mrija unaoota kutoka kwenye chavua kushuka ndani ya ua unaishia wapi kabla haujalifikia yai? Kiangazi kinaua chavua au kinakausha stigma? Wapo watafiti waliojaribu kunyunyizia stigma maji yenye glukosi kidogo na mbegu zikaongezeka kwa baadhi ya migomba. Jambo dogo kama hilo, chupa ya kunyunyizia na glukosi ya dukani, lilihitaji mtu akae na hadubini, ahesabu, arudie, aandike. Mimi nina mikono ya kufanya kazi hiyo, ila elimu ya kuiandika ikakubalika duniani anayo binti yako.

Wala si mambo ya kinadharia. Mwaka 2021 taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, ilitoa aina nne za migomba chotara, zinaitwa TARIBAN. Ukifuata ukoo wake unakuta matoke ya nyanda za juu za Afrika Mashariki upande wa mama, na huko nyuma kwa babu kuna mgomba pori wa Asia unaojulikana kama Calcutta 4, wenye ndizi nyembamba zilizojaa mbegu, hazilikiki, lakini unaostahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani ya mgomba. Uzalishaji wa ukoo huo ulianza Uganda katikati ya miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe ni muda gani umepita hadi mkulima wa Missenyi akapewa mche. Waliowachavusha mama zake, wengine wameshastaafu. Sehemu kubwa ya muda huo imeliwa na ugumba wa ua, na kila anayegundua namna ya kupata mbegu moja zaidi kwa mkungu anaufupisha.

Kagera wanajua zaidi yangu kwamba ua si pambo. Mnyauko bakteria ulipobainika Muleba mwaka 2006, moja ya njia zake za kuenea ilikuwa wadudu wanaozuru maua dume, lile bonge la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu. Mdudu anakunywa utamu kwenye mgomba mgonjwa, anahamia kwa mzima, na vidonda vibichi palipodondoka maua ndiyo mlango wa bakteria. Ushauri uliotolewa ni kulivunja bonge hilo kwa kijiti chenye panda mara tu chana ya mwisho ikishatoka, na siyo kwa panga, maana panga linabeba ugonjwa toka mgomba hadi mgomba. Aliyegundua mlango huo alikuwa anasoma ua, siyo jani.

Na mkoa huohuo wanalima vanila. Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu, mchana limekwisha. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo akina mama wanapita shambani na kijiti, wanainua kile kikuta kidogo kinachotenganisha chavua na stigma, wanavibana pamoja kwa kidole gumba, wanahamia ua linalofuata. Ufundi huo ulibuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa aitwaye Edmond Albius, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamehangaika nalo miaka na miaka. Sijui kama Albius alipewa hata kiti cha kukalia darasani. Nitarudi kwenye jambo hili.

Asiyependa migomba hakosi pa kushika. Kyela kuna kakao, maua yake madogo yanatoka moja kwa moja kwenye shina, na yanachavushwa na visubi wadogo mno wanaozaliana kwenye majani yanayooza na vigogo vya migomba vilivyoachwa chini. Sasa mkulima anayefagia shamba lake likawa safi kama uwanja wa kanisa, anafagia na wachavushaji wake? Mtwara na Lindi, mkorosho una maua dume na maua yenye jinsi zote mbili kwenye kichala kimoja, na wakati uleule wa maua ndio wakulima wanapuliza salfa kupambana na ubwiriunga. Nyuki na nzi wanaozuru maua hayo wanafanywaje na salfa? Usambara kuna ile violeti ya porini iliyopelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 na sasa inauzwa kwenye vyungu dunia nzima, huku kwenye miamba yake ya asili ikizidi kupungua. Na huko huko milimani, Amani, katika miaka ya 1930 watafiti walichavusha mhogo kwa chavua ya jamaa yake wa porini, ule mti uitwao mpira wa Ceara, ili kupata mhogo unaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Wazalishaji wa mbegu za mhogo bado wanachota kwenye ukoo ule. Kwa hiyo asije mtu akatuambia elimu hii ni ya wazungu. Ilifanyika Muheza.

Sasa nije kwenye la nafasi, maana mzee aliuliza pia nani atalipa.

Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, kuna idara ya botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru ambayo inachukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu, na ndiko programu ya kuzalisha mchare ya IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, ilikoweka makao. Ng'ambo ya mpaka kuna Makerere. Kwa uzamivu kuna vituo vya kuboresha mazao: cha WACCI katika Chuo Kikuu cha Ghana na kile cha ACCI kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Hivi viwili navipenda kwa sababu mwanafunzi anasoma darasani kule kwanza, kisha anarudi kufanya utafiti kwenye zao la nchi yake, katika shamba la nchi yake. Mzee anayeogopa kupoteza mtoto ughaibuni aisome sentensi hiyo mara mbili. Nje zaidi kuna Leuven, Ubelgiji, ambako wanatunza ndani ya vichupa zaidi ya aina 1,500 za migomba ya dunia, na Olomouc katika Jamhuri ya Cheki, ambako wanapima kiini cha seli na kukuambia mgomba wako una seti ngapi za kromosomu.

Ada ndiyo inayowachanganya wengi. Vijana wanasubiri tangazo la ufadhili kama wanavyosubiri majina ya mkopo wa shahada ya kwanza. Uzamili wa utafiti mara nyingi hauendi hivyo. Profesa anaandika mradi, anapata fedha, na ndani ya bajeti kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili. Nafasi hiyo inajazwa na mtu ambaye profesa anamjua tayari, au aliyemwandikia vizuri. Mashirika yapo: DAAD wa Ujerumani wanafadhili masomo ndani ya vyuo vya Afrika, RUFORUM yenye makao Kampala inaunganisha vyuo vya kilimo na fedha za utafiti, kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, kuna VLIR-UOS kwa wanaotaka Ubelgiji. Lakini hata huko swali la kwanza ni lilelile: msimamizi wako nani na unataka kujua nini?

Wanafunzi wa uzamili wanaletwa kwangu wafundishwe kupanda ngazi, kwa hiyo nimewaona wa kila aina, na baadhi wamenionyesha barua walizoziandika. Waliofanikiwa hawakutuma waraka mmoja kwa maprofesa arobaini. Walisoma makala ya mtu mmoja, wakaona mahali aliposema “hili bado halijulikani”, wakamwandikia kurasa mbili kuhusu hilo hilo. Kijana mmoja wa Rombo aliandika kwamba nyumbani kwao kuna mgomba ambao huwa unatoa mbegu nyeusi mara moja moja, na bibi yake huzitema. Aliambatanisha picha ya mbegu. Alijibiwa siku ileile.

Binti wa mzee wa Same asicheleweshwe na kikao cha ukoo. DAAD kwa kawaida hawapokei mtu ambaye shahada yake ya mwisho imepita miaka sita. Na zao lenyewe lina saa yake. Mgomba kutoka kupandwa hadi kutoa ua ni mwaka, hata zaidi huku kwenye baridi. Ukichavusha, ongeza miezi minne ya kungoja mkungu. Kuivisha, kukamua, maabara. Uzamili ni miaka miwili. Mwanafunzi anayeanza kwa kuchimba mashimo hamalizi, nimewaona wakilia. Kwa hiyo kabla hajasaini chochote amuulize msimamizi maswali haya matatu: migomba imeshasimama shambani? Ngazi, mifuko na posho za wasaidizi zimo kwenye bajeti, au atazitoa kwenye posho yake ya kula? Na maabara ya kuotesha viinitete ni ya kwao au ni ya kuomba kwa jirani? Msimamizi mzuri hatakasirika kuulizwa.

Nilisema nitarudi kwenye kiti cha Albius. Mhariri, niruhusu nilalamike kidogo.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sikitaji jina, niliomba ruhusa nikasome shahada ili nami siku moja nifike uzamili. Niliambiwa, kwa upole kabisa, “Wewe tunakuhitaji shambani.” Mwenzangu, mama mmoja mwenye mkono mwepesi kuliko sisi wote, aliomba akajibiwa hivyo hivyo. Tasnifu zilizotokana na mikungu aliyoichavusha zimejaa rafu nzima, na jina lake liko kwenye ukurasa wa shukrani, tena mara nyingine limekosewa herufi. Ndiye anayekwambia, kwa kulitazama ua tu, kwamba leo halitakubali, rudi kesho. Anaona kitu. Hajawahi kupewa nafasi ya kukithibitisha wala kuambiwa kwamba si kweli.

Siwalaumu wanafunzi, wengi wao ni watoto wetu na wanatusaidia kubeba ngazi. Ninachodai ni kwa wanaoandika miradi na wanaoipitisha: mradi wenye wanafunzi watatu wa uzamili uweke nafasi ya nne kwa fundi sanifu, hata kama ataanzia shahada ya kwanza, na miaka ya shambani ihesabike anapoomba kujiunga. Ukomo wa miaka sita tangu shahada ya mwisho ulegezwe kwa mtu aliyekuwa kazini kwenye zao hilohilo. Na matangazo ya nafasi yabandikwe pia kwa Kiswahili, ofisi ya kilimo ya wilaya na kwenye gazeti kama hili, siyo kuzunguka tu kwenye barua pepe za watu wanaofahamiana. Afisa ugani wa Karagwe mwenye shahada yake nzuri atajuaje kwamba kuna mtu Leuven anatafuta mwanafunzi wa kuchunguza chavua ya matoke?

Juu ya ajira sitamdanganya mzee. Nafasi za serikali ni chache na zinachelewa. Lakini anayejua uzazi wa mimea anahitajika na kampuni za mbegu, mashamba ya maua ya hapa Arusha, maabara zinazouza miche ya chupa, vyuo vya kilimo, na miradi ambayo leo inaagiza wataalamu kutoka nje kwa sababu wa hapa hawakutosha. Nimeshawabebea mabegi.

Kuhusu hofu nyingine iliyojificha katika barua ile, kwamba kazi ya mashambani si ya mwanamke msomi, nitasema tu kwamba nusu ya wachavushaji ninaowaheshimu ni wanawake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka. Mimi nimeanguka.

Kama bado ana shaka, amlete binti kabla hajaamua. Migomba haina msimu wa kutoa maua, hivyo mwezi wowote unafaa. Wafike saa moja kamili asubuhi, si saa tatu, na wote wawili wavae viatu vya kufunga na nguo wasizozipenda, kwa sababu utomvu wa mgomba ukikauka hautoki kwa sabuni ya aina yoyote.

Mchavushaji wa migomba,
Arumeru, Arusha
(Jina na anwani anavyo Mhariri)